Anayemkanda Mzazi Aitwe Kliniki

Msikilizaji, katika nyumba nyingi za pwani yetu mwanamke aliyejifungua hukandwa. Mama yake au bibi huchemsha maji, huloweka kitambaa, humpaka mafuta ya nazi, na mpaka arobaini iishe mzazi haachiwi kazi nzito. Wapo wahudumu wa afya wanaoikemea desturi hii yote, na wapo wazee wanaoitetea yote. Kwangu mimi, kukanda kunakopumzisha misuli kubaki, na kuminya tumbo kukome.

Tuanze kabla ya kujifungua. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilikubali kukandwa kuwa mojawapo ya njia za kumpunguzia maumivu mwanamke mwenye afya njema aliyeshikwa na uchungu, akitaka mwenyewe. Mgongo na kiuno cha mjamzito navyo hulemewa, na mkono mwepesi humtuliza. Tumbo la mjamzito lina hukumu nyingine. Daktari anayetaka kumgeuza mtoto aliyetanguliza makalio husubiri mimba ikaribie kutimia, humtazama kwa ultrasaundi, husikiliza mapigo ya moyo wake, na chumba cha upasuaji huwa karibu, maana kondo la nyuma laweza kubanduka na damu ikamwagika. Ikiwa mwenye vifaa hivyo huchukua tahadhari zote hizo, anayeminya tumbo nyumbani anategemea nini?

Nitaambiwa bibi zetu walikandwa wakaishi. Ni kweli, lakini wanaotusimulia ni waliosalimika. Waliopotea hawakubaki kutoa ushahidi. Nitaambiwa pia kwamba tumbo la aliyejifungua lisipominywa damu chafu itabaki ndani. Mji wa mimba hujikaza wenyewe, kunyonyesha huusaidia, na damu huendelea kutoka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Ikizidi, ikinuka, au homa ikipanda, mzazi apelekwe kituo cha afya bila kuchelewa. Maji yasiwe ya kuunguza, na mshono wa upasuaji usikandwe. Mguu mmoja ukivimba na kuuma, usisuguliwe kabisa: huenda damu imeganda mshipani, na bonge likifika mapafuni huua. Hatari hiyo huwa kubwa zaidi katika wiki sita za kwanza, ndiyo arobaini yenyewe.

Hata hivyo, kupiga marufuku hakutasaidia, kwa sababu mzazi aliyekemewa ataendelea kukandwa, ila kwa siri. Tena anayekanda ana nafasi ambayo muuguzi hana. Katika wiki hizo sita mzazi hutakiwa kupimwa angalau mara nne, lakini anayemkanda humwona kila siku. Akifundishwa dalili za hatari, atakuwa wa kwanza kuzitambua. Basi wahudumu wa kliniki, mwulizeni kila mjamzito nani atamkanda, na mwombeni siku nyingine aje naye.