Filimbi ya Kumwitia Elki

(Mazungumzo yaliyotolewa kwenye mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, baada ya chakula cha mchana)



Katibu wetu aliniandikia kwamba kila anayetoka ng'ambo huja kutuhubiria habari za theluji na bei ya vitu, na kwamba safari hii angependa jambo jingine. Tena wenzetu wachache wanaoishi Marekani wanajitayarisha kwenda kuwinda elki kwa mara ya kwanza, nao wote wameniuliza swali moja: tununue filimbi gani? Nitalijibu swali hilo. Mliobaki hapa nyumbani mnivumilie; naamini nanyi mtapata cha kuchukua.

Elki ni mnyama mkubwa wa milima ya magharibi ya Amerika ya Kaskazini. Washawnee, ambao ni wenyeji wa asili wa Amerika ya Kaskazini, humwita wapiti, kwa sababu ya weupe wa nyuma yake. Jike lake hufikia kilo 220 hivi, na dume hupita kilo 300. Dume ana pembe zenye matawi, nazo huanguka na kuota upya kila mwaka. Jimbo la Colorado lina elki wengi kuliko jimbo lolote jingine.

Mwezi wa Septemba ndio msimu wao wa kupandana. Dume hukusanya majike, kisha hulia sauti inayoanza chini, ikapanda juu kama filimbi ya treni, ikaishia kwa mikoromo. Mwindaji mgeni akiisikia, nywele humsimama, na papo hapo hutamani kuiiga. Hapo ndipo anapokosea. Sauti ya dume ni sauti ya ugomvi. Dume kijana akiisikia hukimbia asije akapigwa, na mwenye kundi mara nyingi huwaswaga wake zake akahama nao. Sauti ya jike haimtishi yeyote. Majike na ndama husemezana kutwa nzima kwa mlio mfupi unaoanza juu na kushuka, kama "iiii-yau", wa muda wa sekunde moja tu. Mlio huo humvuta dume, humsimamisha anayetembea ili upate kulenga vizuri, na hulituliza kundi kama umekanyaga kijiti kikavu kikavunjika.

Sasa vyombo vyenyewe. Viko vya namna tatu.

Cha kwanza ni kiwambo cha mdomoni. Ni kipande cha mpira mwembamba kilichowambwa kwenye kifremu, nawe hukibandika kaakaani na kukipulizia kwa ulimi. Mafundi hukisifu, na kwa haki, maana huiacha mikono miwili huru kwa ajili ya upinde. Lakini hakijifunzwi kwa siku moja. Wengine hutapikia kidogo kila wakikitia mdomoni. Mimi nilikinunua juma moja kabla ya safari yangu ya kwanza, nikakipuliza ndani ya gari mpaka mke wangu akaniomba nishuke. Nilipofika msituni nilitoa sauti ya bata aliyekabwa.

Cha pili ni filimbi ya ulimi wa plastiki. Unaibana kwa midomo au meno na kupuliza. Ukibana karibu na ncha sauti hupanda, ukilegeza hushuka. Mtu wa kawaida huiweza baada ya jioni mbili tatu. Ila hushikwa kwa mkono mmoja, na kwenye baridi kali mate huweza kuganda ndani yake. Itunzeni katika mfuko wa ndani wa koti.

Cha tatu ni kibofu cha mpira, ndugu yake honi ya malori ya zamani. Huhitaji pumzi wala ulimi, unakibonyeza kinalia. Sauti yake ni karibu moja tu, haina mapambo, lakini hata mtoto huitoa sawasawa mara ya kwanza. Kwa anayeanza, shauri langu ni hili: nunua hicho cha tatu na cha pili pamoja, na kiwambo kikae nyumbani mpaka mwakani. Msinunue chombo cha umeme chenye sauti zilizorekodiwa. Majimbo mengi ya huko yamekataza kukitumia kwa elki.

Katika kukitumia, fuateni mambo mawili. Jueni upepo kwanza, kwa kuwa dume anayeitika hupenda kuzunguka ili ainuse sauti ilikotoka. Na msiite kupita kiasi. Ita mara mbili au tatu, kisha nyamaza robo saa. Wahenga walisema, simba mwenda kimya ndiye mla nyama.

Ndugu zangu, limebaki neno moja, nalo ndilo lililonifanya nikubali kuja kusimama hapa. Katika safari yangu hiyo ya kwanza, baada ya aibu ya kiwambo, nilimsikia jike akilia bondeni. Nikaitika kwa filimbi, akajibu. Nikatambaa karibu nusu saa, mshale ukiwa tayari kwenye upinde. Nyuma ya misonobari nikaona kitu cha rangi ya udongo kikisogea. Nilianza kuvuta. Ghafla kile kitu kikakohoa.

Alikuwa mzee mmoja, ameketi juu ya gogo, kibofu cha mpira mkononi. Naye alikuwa akiniita mimi, akidhani ni elki. Huko wenye bunduki hulazimika kuvaa rangi inayong'aa ili waonekane, lakini sisi wenye upinde tulikuwa tumevaa nguo za kufanana na majani. Tulitazamana, na hakuna aliyecheka. Mzee alinimiminia kahawa, na mkono wangu ulitetemeka hata nikaimwaga.

Colorado humtaka kila mwindaji aliyezaliwa tangu tarehe 1 Januari 1949 awe na cheti cha mafunzo ya usalama. Mimi nilikuwa nacho mfukoni siku ile, lakini cheti hakivuti upinde wala hakiuzuii. Kwa hiyo nasema: chombo rahisi kinatosha, maana kilinidanganya hata mimi. Na kwa sababu kinatosha kumdanganya mtu, usiachie mshale wala risasi mpaka umemwona mnyama mzima, kichwa na mwili. Anayekuitika huenda ana mke na watoto wanaomngoja nyumbani.

Mwaka ule nilirudi mikono mitupu. Sijawahi kurudi nyumbani kwa furaha kama ile.