Jiko Jipya la Gesi: Kasoro za Siku za Kwanza na Tiba Zake

Hotuba ya afisa wa uhusiano wa polisi na jamii kwa wakaazi wa Mutukula



Nyumba nyingi zimeanza kuuacha mkaa na kuingiza gesi. Ni hatua njema, ila siku za kwanza za jiko jipya zahitaji macho na masikio. Gesi haionekani, wala kwa asili haina harufu. Ile harufu kali mnayoijua imetiwa makusudi kiwandani ili iwe mpiga mbiu wetu. Tena ni nzito kuliko hewa: hushuka, ikatambaa sakafuni na kutulia chini ya kitanda. Ikifika takriban asilimia 2 tu ya hewa ya chumba, cheche moja yatosha kuilipua.

Kasoro ya kwanza ni jiko kukawia kuwaka. Mara nyingi si ubovu; mpira mpya umejaa hewa, na gesi haijafika. Lisipowaka kwa sekunde chache, funga, acha chumba kipate hewa kwa dakika kadhaa, ndipo ujaribu tena. Usiache kitufe wazi huku ukitafuta kiberiti.

Ya pili ni mwali wa njano unaoacha masizi kwenye sufuria. Mwali mzima ni wa buluu. Wa njano maana yake gesi haipati hewa ya kutosha, na moshi wake waweza kubeba sumu isiyo na harufu. Zima, subiri lipoe, safisha matundu ya kichomeo, ukikalishe sawasawa, na ufungue dirisha.

Ya tatu ni harufu. Paka povu la sabuni kwenye vali, kwenye regyuleta na kwenye ncha zote mbili za mpira. Povu likitoa mapovu yanayokua, hapo ndipo gesi inapovuja. Funga vali ya mtungi, kaza kibano, au mrudishie muuzaji. Asitafute mtu uvujaji kwa kiberiti, wala asiuzibe kwa sabuni, kwa utepe au kwa kipande cha mpira wa baiskeli.

Hapa mpakani tuna kasoro yetu wenyewe. Mtungi umenunuliwa upande huu, regyuleta upande ule, na vinywa vyao havilingani. Fundi wa mtaani huvilazimisha kwa koleo, na kwa siku mbili tatu huonekana vimeshikana. Visipoingiana kwa urahisi, havikuumbwa kuwa pamoja. Nunueni vyote kwa muuzaji mmoja anayetambulika, mkague lakiri ya mtungi, na mwombe upimwe kwenye mizani mbele yenu: uzito mtupu umechapwa kwenye mtungi wenyewe, na unaozidi hapo ndio gesi mliyoilipia.

Sasa niseme neno linalotuhusu sisi polisi. Wapo wanaonusa gesi wakanyamaza, kwa sababu mtungi ulipita njia ya panya na wanaogopa kuulizwa ushuru. Ndugu zangu, ushuru una ofisi yake na saa yake. Nyumba zetu zimeshikana ukuta kwa ukuta. Anayenyamaza hujiwekea siri, lakini moto haujui siri, nao huanza kwa mtoto wa jirani.

Kwa hiyo mkinusa gesi nyingi: zimeni moto wowote, fungeni vali, fungueni milango na madirisha. Msiwashe wala kuzima taa, na simu isiguswe humo ndani. Tokeni wote, waarifuni majirani, kisha mpige simu mkiwa mbali: 999 au 112 upande wa Uganda, 114 kwa zimamoto upande wa Tanzania. Mtungi ukishika moto na vali haifikiki, uacheni, mkimbie.

Wenyeviti, nawaomba kila kijiji kipange siku moja ya kupima mitungi kwa povu, nyumba kwa nyumba. Gharama yake ni kipande cha sabuni na maji kidogo.

Kinga ni bora kuliko tiba.