Mgonjwa akidhurika, sheria huuliza nini?

Tarehe 1 Oktoba mwaka 1999, katika hospitali moja ya wazazi huko Lanarkshire, Uskoti, mama mmoja alikuwa akijifungua mtoto wake wa kwanza. Kichwa cha mtoto kilitoka, lakini mabega yakakwama. Zilipita dakika 12 kabla ya madaktari kufanikiwa kumtoa. Katika dakika hizo mtoto alikosa hewa ya kutosha. Alizaliwa na mtindio wa ubongo, na mkono wake mmoja ukapooza.

Mama huyo ni Nadine Montgomery. Ilipita zaidi ya miaka 15 hadi Mahakama ya Juu ya Uingereza ilipoamua, tarehe 11 Machi 2015, kwamba alistahili fidia. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyekana kwamba mtoto ameumia. Kilichobishaniwa ni jambo jingine kabisa, nalo ndilo linalowashinda wengi wanaotaka kudai haki zao baada ya matibabu kuharibika.

Mtu aliyeumia hudhani kwamba kidonda chake ni ushahidi tosha. Mbele ya sheria, sivyo. Kuna maradhi yasiyosikia dawa, na kuna upasuaji unaokwenda kombo ingawa kila mtu ametimiza wajibu wake. Kwa hiyo jaji huuliza maswali matatu. Je, tabibu alikuwa na wajibu wa kumhudumia mgonjwa huyu? Je, aliutekeleza chini ya kiwango kinachotarajiwa? Na je, madhara yaliyotokea yametokana na upungufu huo, au yangetokea hata kama kila kitu kingefanyika sawasawa?

Swali la kwanza huwa jepesi. Anayempokea mgonjwa ana wajibu kwake, wala sheria haimtazami mgonjwa huyo ni raia wa nchi gani. Ugumu uko katika maswali mawili yanayofuata.

Kwa miaka mingi kipimo cha uzembe nchini Uingereza kilitokana na kesi ya Bolam ya mwaka 1957. Mgonjwa wa akili alivunjika mifupa alipokuwa akitibiwa kwa umeme, bila kupewa dawa ya kulegeza misuli. Alishindwa, kwa kuwa kulikuwa na madaktari wenye kuheshimika ambao nao walitibu kwa njia hiyo hiyo. Kanuni ikawa kwamba daktari si mzembe iwapo kundi la wenzake wenye kuwajibika lingefanya kama alivyofanya yeye. Mwaka 1997, katika kesi ya Bolitho, majaji waliongeza sharti: maoni ya wenzake hao lazima yasimame juu ya hoja yenye mantiki.

Kesi ya Nadine Montgomery iligusa upande mwingine wa tiba, yaani mazungumzo kati ya daktari na mgonjwa. Alikuwa mwanamke mfupi wa kimo, mwenye kisukari cha kutegemea insulini. Wanawake wenye hali hiyo mara nyingi huzaa watoto wakubwa, na uwezekano wa mabega ya mtoto kukwama ni kati ya asilimia 9 na 10. Mama huyo alionyesha wasiwasi juu ya ukubwa wa mtoto wake. Hata hivyo hakuelezwa hatari hiyo. Daktari wake alisema mahakamani kwamba uwezekano wa mtoto kupata madhara makubwa ulikuwa mdogo sana, na kwamba kama kila mama mwenye kisukari angeelezwa, wengi wangeomba kuzaa kwa upasuaji.

Mahakama za Uskoti zilimkatalia mama huyo mara mbili, mwaka 2010 na mwaka 2013. Lakini majaji saba wa Mahakama ya Juu, wote kwa kauli moja, walimpa haki. Walisema kwamba uamuzi juu ya mwili wa mtu ni wa mwenye mwili. Daktari anapaswa kumweleza mgonjwa kila hatari ambayo mtu mwenye busara, akiwa katika hali kama yake, angeitilia maanani, pamoja na njia nyingine zilizopo. Maelezo hayo yatolewe kwa lugha ambayo mgonjwa anaielewa. Kummwagia maneno ya kitaalamu hakutoshi, na kumtaka atie saini kwenye fomu hakutoshi.

Maneno hayo yana uzito wa pekee kwa Waswahili waishio ughaibuni. Si ajabu kumkuta mama mzee hospitalini, anayetafsiriwa na mjukuu wa miaka 12, akitia saini karatasi asiyoweza kuisoma. Saini hiyo peke yake haithibitishi kwamba ameelewa.

Hata hivyo, Nadine Montgomery bado alilazimika kujibu swali la tatu. Ilimbidi aithibitishie mahakama kwamba kama angeelezwa, angechagua upasuaji, na mtoto angezaliwa mzima. Mahakama iliridhika. Fidia ilikuwa pauni milioni 5.25. Mtu anaweza kuziona kuwa ni utajiri, lakini fidia ya namna hii hukadiriwa kwa kuangalia maumivu, kipato kitakachokosekana, na gharama za kumtunza, katika maisha yake yote, mtu asiyeweza kujitunza.

Je, mwenye shaka kwamba amedhurika aanzie wapi? Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Hatua ya kwanza ni jalada la matibabu. Nchini Uingereza kila mgonjwa ana haki ya kupewa nakala ya kumbukumbu zake, kwa kawaida bila malipo na ndani ya mwezi mmoja. Humo ndimo wakili, pamoja na daktari mtaalamu asiyehusika na hospitali hiyo, watakamotafuta jibu.

Hatua ya pili ni kuhesabu siku. Katika England na Wales muda wa kufungua kesi ni miaka mitatu, tangu siku ya madhara au siku mgonjwa alipotambua kwamba huenda yametokana na matibabu. Kwa mtoto, hesabu huanza anapotimiza miaka 18. Malalamiko kwa hospitali ni njia tofauti: huweza kuleta maelezo na kuombwa radhi, lakini hayasimamishi saa ya mahakama. Na kuombwa radhi, kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2006, peke yake si kukiri kosa.

Hatua ya tatu ni gharama. Tangu Aprili 2013, msaada wa serikali wa kulipia mawakili katika kesi hizi umebaki hasa kwa watoto walioumia ubongo wakiwa tumboni, wakati wa kuzaliwa, au katika wiki nane za mwanzo. Wengine hutegemea mapatano ya kumlipa wakili iwapo tu kesi imeshinda. Wakili anaweza kudai ziada kwa ushindi huo, lakini isizidi asilimia 25 ya fidia ya maumivu na hasara zilizokwisha kupatikana. Fedha za matunzo ya baadaye haziguswi.

Afrika Mashariki nako, mahakama za Kenya na Tanzania zilirithi misingi ya sheria ya Kiingereza, na maswali yale matatu huulizwa huko pia. Muda wa kawaida wa madai ya aina hii ni miaka mitatu katika nchi zote mbili. Lakini nchini Kenya, anayeishtaki serikali ana miezi 12 tu, na nchini Tanzania ni lazima aipe serikali notisi ya siku 90 kabla ya kufungua kesi. Wengi wamepoteza haki kwa kuchelewa tu, ingawa walikuwa na hoja.

Kuna wanaosema, ajali haina kinga, au kwamba ni mapenzi ya Mungu, na kudai ni kukufuru. Imani ni ya mtu na Mola wake. Lakini aliyeuliza kwa nini mtoto wake hakuzaliwa salama hakumshtaki Mungu. Aliuliza kwa nini binadamu mwenzake, aliyeijua hatari, hakumwambia. Na kwa kuwa aliuliza, kila mgonjwa anayeingia hospitalini Uingereza leo ana haki ya kuelezwa kabla ya kutakiwa atie saini.