Wino Mweusi, Wino Mwekundu: Rangi ya Maandishi na Uzito Wake



Naanza na sarufi, maana ndiyo kazi yangu. Twasema wino mweusi na wino mwekundu, lakini hatusemi wino mbuluu. Twasema wino wa buluu, wino wa kijani. Mizizi ya rangi inayopokea viambishi vya upatanisho katika Kiswahili ni mitatu tu: -eusi, -eupe na -ekundu. Rangi nyingine tumezitoa katika vitu, kama majani na manjano, au tumezikopa ugenini, nazo hazina budi kupitia kwa a-unganifu.

Miswada ya kale ya pwani, iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu, yaelekea kuifuata sarufi hiyohiyo. Matini ni meusi. Wekundu huonekana kwenye vichwa na alama za kutenganisha sehemu. Mafundi wa misahafu wa Siyu, kisiwani Pate, waliongeza manjano. Nayo zafarani ilikuwa na kazi yake ya pekee: aya huandikwa kwayo sahanini, ikaoshwa kwa maji, mgonjwa akanywa. Hilo ndilo kombe. Hapo wino haukusudiwi kudumu.

Buluu ilituingilia kwa njia ya shule na ofisi. Hadi leo mtahiniwa huamriwa kuandika kwa wino wa buluu au mweusi, na kuchora kwa kalamu ya risasi. (Niruhusuni nitoke kidogo njiani. Reli kutoka Kaliua ilifikishwa Mpanda mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya risasi. Lakini kalamu tuiitayo ya risasi haina risasi hata chembe, ina grafaiti.) Wekundu ameachiwa msahihishaji, ili mkono wake usichanganyike na wa mwanafunzi. Sababu hiyo ni ya kiutendaji tu. Tatizo ni kwamba kilichoanza kama utaratibu kimegeuka hukumu.

Mwaka 1984 nilikuwa mwalimu kijana wilayani Mpanda, wakati huo ikiwa katika Mkoa wa Rukwa. Mkoa wa Katavi ulikuja kuundwa mwaka 2012. Darasani mwangu walikuwamo watoto wa Kibende, Kipimbwe, Kikonongo na Kisukuma, na watoto wa Katumba ambao wazazi wao walitoka Burundi mwaka 1972. Mmoja wao aliandika katika insha yake: “Baba anapenda kurima.” Nikaizungushia r ile duara jekundu. Akaandika tena, nami nikazungusha tena, hata ukurasa ukawa kama una vidonda. Mtoto yule akaacha kuandika insha ndefu. Akawa ananiletea sentensi tatu, fupi, zisizo na kosa.

Miaka kadhaa baadaye, nikisoma fonolojia linganishi, ndipo nilipotambua kwamba kurima ni neno sahihi kabisa la Kirundi, lenye maana ileile na asili ileile ya Kibantu na kulima yetu. Mtoto hakuwa amekosea neno. Alikuwa amelileta kutoka nyumbani. Wino wangu haukuwa na rangi ya kuonyesha tofauti hiyo.

Sidai kwamba wekundu ufutwe. Kosa la upatanisho ni kosa, na mwanafunzi ana haki ya kulionyeshwa. Ila umbo litokalo lugha ya mama mimi sasa nalipigia mstari kwa kalamu ya risasi, na pambizoni naandika maumbo mawili kandokando, kurima na kulima, kisha namwita mwenye daftari anieleze kwao wanasemaje.