Timbo la Bamburi: huo msitu unalindwa na nani?

Haya niliyasema barazani Mwembe Tayari. Nayaweka hapa kwa waliokosa.

Kila msimu wa siasa twasikia lile lile: huyu ataka kiwanda, yule ataka miti, na sisi tuchague. Mimi naona hapo tunapotezwa.

Vukeni daraja la Nyali mwende Bamburi. Kiwanda cha simiti kilianza kazi 1954, kikachimba mawe ya matumbawe mpaka pakabaki shimo jeupe, hata nyasi hakuna. Mwaka 1971 mtaalamu wa kilimo wa kampuni, René Haller, akaanza kupanda miti mle timboni. Alijaribu aina 26, zikashika 3 tu, na mvinje ndio ulioongoza. Lakini majani yake yakawa hayaozi. Basi akaleta majongoo! Naam, hawa hawa tunaowaruka njiani. Wakayala, na kinyesi chao kikawa mwanzo wa udongo. Mwaka 1984 watu wakafunguliwa kuingia. Ndiko alikopelekwa Owen, yule mtoto wa kiboko aliyeokolewa Malindi wakati wa tsunami ya 2004, akamganda kobe Mzee kama mamake.

Sasa siasa yenyewe. Msitu ule ulianza kwa hiari ya kampuni. Mwishoni mwa 2024 kampuni ikanunuliwa na Amsons ya Tanzania. Simshuku mtu, nauliza tu: mali ikibadilisha mwenyewe, ile hiari imeandikwa wapi?

Jirani zetu wa Tanzania walipita njia nyengine. Shamba kubwa la ng'ombe la Mkwaja, kule pwani yao, lilifungwa 2000, na 2005 likaingia katika Hifadhi ya Taifa ya Saadani. Hiyo ni sheria, haingoji moyo wa tajiri. Lakini hapo hapo Saadani, wanakijiji wa Uvinje wamevutana na hifadhi miaka mingi kuhusu mpaka. Kwa hivyo sheria pia, manake ukikosa kuwamo inapoandikwa, utajikuta nje ya ua.

Katiba yetu ya 2010, Kifungu cha 69, yasema serikali ihimize wananchi kushiriki katika kulinda mazingira. Mgombea akija na habari za miti, mwambieni aanzie hapo.

Tulipomaliza, mzee mmoja akaniuliza: "Na mtoto wa hapa Mwembe Tayari, kiingilio atalipiwa na nani?" Hilo sikuwa nimeliandika.