Safari ya Hati Ofisini na Haki ya Mkulima



Katika kuadhimisha miaka 10 ya Chama Kikuu chetu, wengi wamesifu maghala na mizani, nasi twaungana nao. Lakini sisi tunaohudumu ofisini tumeona vema kunena juu ya jambo lisilopigiwa ngoma, nalo ni safari ya hati kutoka mlangoni hadi mezani pa mhusika.

Tangu msimu wa 2007/2008, ulipoanza kutumika mkoani Mtwara mfumo wa stakabadhi za ghala chini ya sheria ya mwaka 2005, korosho za mkulima hubaki ghalani, na karatasi ndiyo inayozisemea mnadani. Basi stakabadhi ikilala chini ya rundo la barua za mialiko, magunia nayo yamelala, na ada ya mtoto wa mkulima imelala pamoja nayo.

Kwa hiyo twaomba kila ofisi, ya Chama Kikuu na ya chama cha msingi, ishike taratibu hizi. Kwanza, hati zote ziingilie masijala, hata zile aletazo Katibu kwa mkono wake. Pili, zipigwe mhuri wa tarehe siku ile ile, na kuandikwa daftarini: namba, zitokako, zihusuzo nini, na afisa apelekewaye. Tatu, zichambuliwe: stakabadhi na hati za malipo zitangulie; zifuate barua zenye siku ya mwisho ya kujibiwa; kisha za kawaida; magazeti na matangazo yawe nyuma. Nne, tarishi azipeleke asubuhi na alasiri, na azipokeaye atie sahihi. Tano, kila Ijumaa karani alipitie daftari na kuulizia kila hati isiyojibiwa.

Barua pepe na picha zitumwazo kwa simu zistahili utaratibu huo huo. Maana hati iliyomo katika simu ya afisa mmoja huondoka naye aendapo likizo.

Wako wasemao kuwa kuandika daftari ni kupoteza wakati. Twawajibu kwamba dakika moja ya kuandika ni nafuu kuliko siku tatu za kutafuta. Tena, Katibu akisema amepeleka, na ofisi ikasema haikupokea, pasipo daftari hakuna mwamuzi. Naye aumiaye ni mkulima, ambaye hata hakuwapo katika ubishi huo.

Mwanachama aulizaye, "Hati yangu iko wapi?" asihesabiwe kuwa mkorofi, kwani anaulizia mali yake. Ofisi iwezayo kumjibu papo hapo, kwa kufunua ukurasa mmoja tu, ndiyo ofisi ya ushirika.

Haba na haba hujaza kibaba.