Ngome Ina Mlinzi, Je, Nyumba ya Babu?

 

Ndugu zangu vijana, mama zangu na baba zangu, twamshukuru Allah (S.W.) aliyetufikisha tena mwezi huu mtukufu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.). Maneno yangu leo ni ya nyumbani: huu Mji wa Kale tunaoishi.

Mgeni akija Mombasa huulizia Ngome kwanza. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596. Waomani waliizingira mwaka 1696, wakaitwaa Disemba 1698. Waingereza wakaifanya jela mpaka 1958, na mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Mwaka 2011 UNESCO ikaitia katika orodha ya urithi wa dunia. Haya twayajua, tumesomeshwa skuli.

Lakini hebu tazama jambo moja. Zanzibar, mwaka 2000, kilichoingia orodha ile ni Mji Mkongwe. Lamu, mwaka 2001, uliingia mji wa kale pia. Sisi Mombasa, kilichoandikwa ni Ngome. Ndia Kuu, Kibokoni na baraza tunazokaa jioni kungoja adhana, hizo ni amana yetu sisi wenyewe.

Na mji huu waishinda Ngome kwa umri. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331, zaidi ya miaka 260 kabla ya Ngome kuanza kujengwa. Alilala usiku mmoja tu. Aliwasifu watu wake kwa dini na wema, akasema chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Akaeleza misikiti yao ya mbao iliyojengwa imara, na kwenye milango yake visima vya kina cha dhiraa moja au mbili. Mtu huchota maji kwa chombo cha mti, akaosha miguu, akaifuta kwenye mkeka, ndipo akaingia. Waona? Msafiri aliyezunguka dunia alikumbuka kisima cha mlangoni. Na kisima kama kile hakikai safi bila ya mtu wa kukitazama.

Sasa tuje kwenye nyumba zetu. Nyumba ya mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko hudumu mamia ya miaka, lakini yataka kushughulikiwa. Paa litazamwe kabla ya mvua, na ukuta upakwe chokaa. Ukiupaka saruji, unyevu hunaswa ndani na ukuta huliwa polepole.

Basi nyumba huangukaje? Babu amefariki. Qur'ani, katika Suratun-Nisaa aya ya 11 na 12, imempa kila mrithi haki yake. Mmoja yuko Muscat, mmoja Kisauni, wajukuu wako London. Kila mtu ana fungu, lakini hakuna mwenye ndoo ya chokaa. Mwaka wa kwanza paa lavuja, wa tatu boriti yaoza, wa tano aja mnunuzi. Warithi wamechoka, wanatia sahihi. Tusiseme mirathi ndiyo iliyovunja nyumba. Mirathi ilitoa haki. Kazi inayofuata haki ile ndiyo tuliyoiacha.

Dini yetu imetufungulia njia. Ya kwanza ni kugawanya mapema, wazee wenye kuijua nyumba wangali hai. Ya pili ni shufaa: Mtume (S.A.W.) alihukumu kwamba katika mali isiyogawanywa, mshirika ana haki ya kununua kabla ya mtu wa nje. Ya tatu ni wakfu. Sayyidna Umar (R.A.) alipopata ardhi Khaybar, Mtume alimwelekeza aizuie asili yake na atoe sadaka mazao yake. Ikawa haiuzwi wala hairithiwi. Misikiti yetu mingi imekuwa ikiendeshwa kwa kodi za nyumba na maduka ya wakfu. Ila tusidanganyane: wakfu usiotengenezwa huanguka vilevile.

Simlaumu mwenye dhiki. Mtu ana mgonjwa, ana ada ya watoto, na auze. Lakini aanze kwa nduguze na jirani zake.

Wewe kijana utasema, mimi sina pesa. Sawa. Mwezi huu jamaa hukutana kwa futari kuliko mwezi mwengine wowote. Baada ya tarawehe, kabla simu hazijatolewa mifukoni, uliza kwa adabu mambo matatu: nyumba imeandikwa kwa jina la nani? Hati iko wapi? Nani atalitazama paa kabla ya mvua? Andika majibu. Kisha mpigie ami yako aliye Muscat umsomee. Kila mrithi akitoa kidogo kila mwezi, chokaa itapatikana. Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi katika mitaa yetu tumeshaona kuta ambazo hakuna aliyeweza kuzijenga tena.

Ngome ina mlinzi na tiketi mlangoni. Nyumba ya babu ina mimi na wewe. Allah atukubalie saumu zetu, awarehemu waliotujengea, na atupe nguvu ya kuwaachia watakaokuja. Amin.